Wiki sita za likizo ya kiangazi na sisi wote tuko kazini: mnajipangaje?

MamaWawili_Coventry

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari zenu wote. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mliolea watoto hapa Uingereza mpaka wakavuka shule ya msingi.

Leo ni katikati ya Mei. Shule ya wanangu inafunga kuelekea mwisho wa Julai na kufungua mwanzoni mwa Septemba. Wiki sita. Nina binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mimi niko nyumba ya wazee, zamu za saa kumi na mbili, naingia saa moja asubuhi natoka saa moja usiku, siku tatu wiki hii, nne wiki ijayo, na siku zenyewe hazitabiriki. Baba yao yuko kwenye ghala, anafanya usiku, Jumapili hadi Alhamisi. Akirudi asubuhi ni mtu wa kulala, si mtu wa kukimbizana na mtoto wa miaka sita.

Mwaka jana nilisema Julai bado iko mbali, tutaona. Nikaanza kutafuta klabu ya likizo zikiwa zimebaki wiki mbili shule ifungwe. Ya karibu na kwetu imejaa. Iliyobaki ilikuwa ya kupanda mabasi mawili, pauni 38 kwa siku kwa mtoto mmoja, na wanafunga saa tisa na nusu. Watoto wawili kwa siku tano ni pauni 380. Kwa wiki sita ni pauni 2,280. Na hiyo saa tisa na nusu mimi ndiyo kwanza nazungusha chai kwa wazee. Nililipia siku nne tu, zilizobaki tukaishi kwa kubahatisha. Leo jirani, kesho rafiki yangu mmoja wa hapa mtaani, keshokutwa baba yao kalala kwenye kochi la sebuleni ili ahesabike yuko nao, huku watoto wako kwenye tableti tangu kumekucha. Nikaacha zamu tano, na mshahara wa Agosti mnaweza kuufikiria.

Lililoniuma zaidi si pesa. Nilikuwa narudi saa mbili usiku, jua la huku bado liko nje linawaka, watoto macho makavu, sinki limejaa vyombo vya siku nzima, maziwa chupa mbili kubwa yamekwisha, na mimi naanza kufoka kabla hata sijavua viatu. Novemba nikaenda kikao cha wazazi. Mwalimu akanionyesha daftari la binti yangu la Septemba, waliambiwa waandike na wachore likizo yao. Wenzake wamechora mahema na mbwa na ufukwe. Wangu kachora mlango wa nyumba yetu, na mimi nimesimama kwenye mlango huo nikiwa na sare yangu ya kazini, ya zambarau, mkoba begani, saa yangu ile ya kubana kifuani kaichora hadi mishale yake, na mdomo wazi. Chini kaandika mistari miwili tu, kwamba walikaa nyumbani na mama alikuwa amechoka.

Hakuna alichosema uongo pale. Nimelikumbuka daftari lile tangu Novemba hadi leo.

Mwaka huu nimeweka pembeni pauni 1,100. Mama yangu yuko Tanga, ananiambia kila tukiongea: waleteni, wakae nami wiki zote sita, wapate na Kiswahili. Nusu ya moyo wangu inataka. Nusu nyingine inaniambia tiketi za Julai na Agosti zitaimaliza pesa yote kabla hata hawajafika uwanja wa ndege, na sijui kama ni sawa kuwapeleka wakati sisi hatupo. Je, nyinyi mnafanyaje? Mnaanza na nini? Naomba mambo ya kufanyika kweli, siyo "Mungu atafungua njia", maana njia najua atafungua, lakini nataka nimkute na karatasi yangu mkononi.

BabaWatatu_Glasgow

Pole dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza Mei. Sisi huku Scotland shule zinafunga mwishoni mwa Juni na kufungua katikati ya Agosti, kwa hiyo mwenzio nimeshaanza kuhema.

Naona unaanza na klabu. Mimi ningekwambia anza na zamu. Chukua karatasi kubwa, ile ya nyuma ya kalenda, chora visanduku 30, yaani Jumatatu hadi Ijumaa mara wiki sita. Kila kisanduku andika nani yuko na watoto, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Sharti moja: usiandike "baba" kama baba amelala. Kisanduku cha baba aliyelala kihesabu ni kitupu. Mimi na mke wangu, yeye naye yuko wodini, tulidanganyana miaka miwili kwa kuandikana hivyo.

Mwaka wa kwanza tulipochora kwa ukweli tulikuta vitupu 17. Tukasema hapa hakuna klabu ya kuziba hii. Ndipo tukaenda kwa wasimamizi wetu. Na usiende kwa maneno ya korido, andika barua pepe. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba abadilishiwe mpangilio wa kazi tangu siku yake ya kwanza, na mwajiri anatakiwa atoe jibu ndani ya miezi miwili. Halazimiki kukubali, lakini analazimika kukaa na wewe na kukupa sababu. Miezi miwili kutoka leo ni katikati ya Julai, kwa hiyo barua iende wiki hii hii, na useme wazi kwamba ni kwa ajili ya likizo.

Wewe una bahati moja ambayo pengine hujaiona. Mumeo usiku wa Ijumaa na Jumamosi hafanyi kazi. Basi omba zamu zako zikae wikendi, Jumamosi na Jumapili zote, ambazo wenzako kazini wengi wanazikimbia. Halafu ubaki na siku moja au mbili za katikati ya wiki, lakini ziwe zilezile. Msimamizi anayetafuta watu wa wikendi hatakufukuza ofisini.

Jambo la pili ambalo Waswahili wengi hatulitumii: kuna likizo ya mzazi isiyo na malipo. Ni wiki 18 kwa kila mtoto hadi afike miaka 18, na kwa mwaka hazizidi nne kwa mtoto mmoja. Unaitoa kwa wiki nzima nzima, na taarifa ni siku 21 kabla. Haina pesa, sawa, lakini mwaka jana uliacha zamu tano bila pesa na bila amani. Bora uache kwa barua.

BibiWaMombasa_Leicester

Mwanangu, nimesoma, na ile picha ya mtoto imenikaa rohoni. Mimi nimelea wanne hapa na sasa nalea wajukuu, nimekaa nchi hii tangu wewe pengine uko shule. Usijihukumu kwa picha. Mtoto huchora anachokiona kila siku, na akikupenda ndiyo hukuchora na saa.

Juu ya Tanga nitakwambia nililoliona mwenyewe. Wajukuu zangu tuliwapeleka Mombasa mwezi wa nane, na wakafurahi kwa sababu Kenya mwezi wa nane shule hufunga. Walikuta binamu zao wako nyumbani, wakacheza kutwa. Tanzania si hivyo. Likizo ya kati ya mwaka huko ni mwezi wa sita, na mwezi wa saba ukianza watoto wameshaanza kurudi darasani. Wanao watafika mwisho wa Julai, binamu zao wanatoka asubuhi na sare, wanarudi alasiri wamechoka na wana kazi za shule. Wako watakaa barazani na bibi yao tangu asubuhi wakitazama njia. Siku moja ni raha, wiki sita ni nyingi kwa mtoto aliyezoea kelele za shule. Na mamako ana umri gani? Miguu yake iko vipi? Mtoto wa miaka sita hukimbia. Muulize mamako hilo kwa upole, maana mama zetu hawasemi hapana.

Nawe usijaribu kuwatoa shule mapema ili kufuata tiketi nafuu. Najua watu hufanya. Huku Leicester shule zetu nyingi hufunga mapema kidogo kuliko kwenu, ndipo sisi hupata nafasi wiki ile ya mwanzo kabla bei hazijapanda. Kwenu ni faini tu.

NesiWaTemeke_Luton

Bibi kasema kweli kuhusu faini. Kwa England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa ni 160. Wazazi wawili, watoto wawili, hiyo ni 320 kwa kuanzia. Shule inaweza kukupeleka huko mtoto akikosa siku tano bila ruhusa ndani ya wiki kumi za shule.

Dada, swali moja: mnapokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, au watoto wanapata chakula cha bure shuleni? Nauliza kwa sababu njia zinagawanyika hapo.

Kama binti yako anakula bure shuleni kwa sababu ya kipato chenu, basi kuna mpango unaitwa HAF, wa shughuli na chakula wakati wa likizo. Unalipiwa na serikali, halmashauri ndiyo inausimamia. Kiangazi ni siku 16 hivi, saa nne kwa siku, na mtoto anapewa chakula. Wengi hawautumii kwa sababu wanasubiri kuambiwa. Nenda ofisi ya shule uombe namba ya kujiandikishia, maana nafasi zikifunguliwa zile za michezo zinaisha siku hiyo hiyo. Angalizo: mwanao mdogo wa miaka 6 anakula bure kwa sababu ya umri tu, England watoto wote wa madarasa yale ya mwanzo wanakula bure. Hiyo haihesabiki kwenye HAF. Lazima iwe ile ya kipato.

Kama mko Universal Credit na nyote mnafanya kazi, unaweza kurudishiwa hadi asilimia 85 ya gharama ya klabu, mradi klabu iwe imesajiliwa. Tunza risiti.

Kama hamko Universal Credit, fungua akaunti ya Tax-Free Childcare leo usiku watoto wakilala. Ukiweka pauni 8 serikali inaongeza 2. Kwa mtoto mmoja wanaongeza hadi pauni 500 kila miezi mitatu. Inaendelea mpaka Septemba ile inayofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 11, kwa hiyo binti yako bado yumo. Huwezi kula sahani zote mbili, ni hii au Universal Credit. Na hapa pia klabu iwe imesajiliwa, uliza kabla hujalipa amana.

Kuhusu Tanga, kwa heshima ya bibi yao, mimi kama nesi naongeza moja. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga ya malaria hata tone. Tunaowapokea hospitali na malaria wengi ni hawa hawa, familia zimetoka kusalimia ndugu, wazazi walidhani damu ya nyumbani inatosha. Hata sisi wakubwa kinga tuliyokuwa nayo inapungua ukikaa huku miaka. Siku yoyote mtakayokwenda, muone mfamasia au kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla. Dawa zinaanzwa kabla ya safari na zinaendelea baada ya kurudi, na dozi ya mtoto inakwenda na uzito wake, usigawanye kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria. Wakienda bila nyinyi wanahitaji pia barua ya ridhaa ya wazazi.

Mzee_Slough

Mnafanya mambo magumu sana. Binti wa miaka 10 ni mkubwa. Sisi tulibeba wadogo zetu mgongoni tukiwa na miaka saba, tukachota maji, tukapika uji. Mama aache chakula kwenye friji, aache simu, binti amwangalie mdogo wake saa chache mpaka baba aamke. Baba si yupo ndani?

NesiWaTemeke_Luton

Mzee, shikamoo. Nakuelewa, mimi mwenyewe nimebebwa mgongoni na dada yangu. Lakini dada yangu alikuwa na uani wenye shangazi watatu, na mama mwenye nyumba anayeona kila kinachopita. Hapa mlango ukifungwa umefungwa. Sheria haitaji umri, ni kweli, ila ukimwacha mtoto katika hali ya hatari ni kosa, na NSPCC, shirika la kulinda watoto, wanasema chini ya miaka 12 ni nadra mtoto kuwa tayari kuachwa peke yake kwa muda mrefu. Hapo tunazungumzia mtoto peke yake. Kumwachia na mwingine wa miaka sita ni kazi nyingine kabisa.

MamaWawili_Coventry

Mzee wangu, nashukuru kwa neno lako, najua unaongea kwa nia njema. Niseme tu kwamba mwaka jana siku mbili tatu ilitokea hivyo, baba yao yuko chumbani kalala, binti ndiye mlezi. Siku moja mdogo wake alitaka mkate wa kuchoma, dada mtu akamtilia kwenye kibaniko, kipande kikanasa, akakitoa kwa kisu kabla hajazima umeme. Alinisimulia mwenyewe jioni, anajisifu kwamba alikitoa. Nilikaa chini sakafuni pale jikoni. Sitarudia.

Nesi, hatuko Universal Credit, na binti hapati chakula cha bure. Hiyo Tax-Free Childcare nimeisikia miaka yote nikadhani ni ya watoto wa chekechea tu. Naingia leo.

Baba wa Glasgow, hilo la baba aliyelala limenichoma, kwa sababu visanduku vyangu vyote kichwani vilikuwa vimeandikwa "baba".

MamaAdam_Cov

Samahani kuingilia. Mimi pia niko Coventry, nina mmoja wa miaka 7. Tulikuja 2023 kwa viza ya kazi ya kutunza wazee, imeandikwa hatuna ruhusa ya fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Kwa hiyo yote hayo ya Nesi mimi simo? Naogopa hata kuuliza shuleni nisije nikaharibu viza.

NesiWaTemeke_Luton

Karibu mama Adam, hujaingilia. Universal Credit humo. Tax-Free Childcare pia inataka ruhusa ya fedha za umma, au mwenzi wako awe nayo. Lakini usikate tamaa hapo. Tangu 2022 chakula cha bure shuleni kimefunguliwa pia kwa familia zisizo na ruhusa hiyo, ila wanaangalia kipato na akiba. Chakula cha shule hakihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo kuuliza hakuharibu kitu. Mtoto akikubaliwa kwa njia hiyo, mlango wa HAF nao unaweza kufunguka. Nenda na hati za mshahara.

Ile likizo ya mzazi aliyoitaja kaka wa Glasgow ni haki ya mfanyakazi, haina uhusiano na fedha za umma. Ila wewe wa viza iliyofungwa na mwajiri, kabla hujachukua wiki nyingi bila malipo muulize mwanasheria wa uhamiaji au kituo cha ushauri cha bure, mshahara wako usije ukashuka chini ya kile kilichoandikwa.

Na maktaba haimuulizi mtu viza. Kila kiangazi maktaba za mitaa zina shindano la kusoma la watoto wa miaka 4 hadi 11. Mtoto anajiandikisha, anasoma vitabu sita kwa muda wake, anapewa vibandiko na mwisho cheti na medali. Bure kabisa. Mwanangu medali zake tatu bado zinaning'inia kwenye kitasa cha kabati.

BibiWaMombasa_Leicester

Na chakula msisahau. Shule hulisha mchana miezi yote hiyo, mkajisahau, likizo ikifika mtoto hufungua friji kila nusu saa. Mimi wiki ya mwisho kabla ya kufunga huingia jikoni siku mbili. Chapati 40, nazipanga na karatasi katikati, friza. Maharagwe ya nazi kwenye vikopo vya kutosha mlo mmoja mmoja. Maandazi yasiyokaangwa, nimeshayakata, nayagandisha yakiwa yametandazwa kwenye sinia kisha natia mfukoni, asubuhi yatolewa yaumuke, yaingie mafutani. Iliki isage siku hiyo hiyo, ya kopo haina harufu. Wewe unayerudi saa mbili usiku hutasimama jikoni, utapasha.

Na sahani: kila mtoto na sahani yake moja na kikombe chake kimoja, rangi tofauti. Akiitumia aioshe ndipo ale tena. Hilo sinki lako litapumua.

MamaWawili_Coventry

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Niwape marejesho, kwa sababu mlinipa muda wenu.

Kwanza karatasi. Tuliichora Jumamosi usiku, mimi na mume wangu, baada ya watoto kulala. Yeye mwenyewe ndiye aliyefuta neno "baba" kwenye visanduku. Hakusema kitu, alichukua kifutio tu akaanza kutoka juu. Tukabaki na vitupu vingi mno, hata sikutaka kuvihesabu.

Jumatatu nikatuma barua pepe kwa msimamizi wangu. Niliomba kwa wiki hizo sita zamu zangu ziwe Jumamosi, Jumapili na Jumatano, na Alhamisi kwa wiki ya kwanza, ya tatu na ya tano pale ninapotakiwa siku nne. Siku ya tatu akaniita ofisini. Akasoma tena, akafungua ratiba ya Agosti, akaniambia kwamba Jumapili za Agosti ndizo zinazomnyima usingizi. Amekubali kwa maandishi.

Hebu oneni. Ghafla siku za kutafutiwa mtu zimekuwa Jumatano sita na Alhamisi tatu. Nikaweka likizo yangu wiki ya nne, mume wangu kaweka yake wiki ya sita, hizo Jumatano mbili zikafutika. Zimebaki siku saba. Kutoka 30! Nililia kidogo pale mezani, nakiri.

Klabu nimepata ya kwenye shule ya jirani, imesajiliwa, pauni 30 kwa siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Siku yangu ya kazi itakwenda hivi: mimi natoka saa kumi na mbili na robo, baba yao anakuwa ameshaingia saa kumi na mbili kasoro, anawapa chai, saa mbili anawafikisha, anarudi analala. Kengele yake saa kumi jioni. Anawachukua saa kumi na moja, anawapashia chakula, mimi naingia saa mbili, yeye anatoka saa tatu. Tumeijaribu wiki hii na shule ya kawaida na imekubali, ila siku ya kwanza alizima kengele. Sasa simu anaiweka kwenye dirisha la bafuni ili ainuke.

Nimelipia siku sita kwa wote wawili, jumla pauni 360. Kwa ile akaunti ya Nesi, mfukoni mwangu imetoka 288, serikali imeongeza 72. Mwaka jana kwa pesa kama hiyo nilipata siku nne.

Mama nimemwambia. Nilimpigia nikamweleza kuhusu binamu kuwa shule na bei za tiketi, na nikamuuliza kuhusu miguu yake, kama bibi alivyonifundisha. Akanyamaza. Halafu akasema magoti yanamsumbua akishuka ngazi za mbele, jambo ambalo hajawahi kunitajia. Tumekubaliana tutakwenda wote wanne pamoja, mwaka ujao, Mungu akipenda, na pesa itakayobaki mwaka huu ndiyo ya kuanzia. Kabla ya kukata simu akauliza watoto wanavaa viatu namba ngapi, kuna mtu anakuja Agosti, atawatumia makubazi.

Watoto nao nikawaambia kila mmoja aandike mambo matatu anayoyataka likizo. Mdogo kaandika aiskrimu mara tatu. Dada yake kaandika kulala kwa rafiki yake, kuona bahari, na kupika vitumbua na mimi siku ambayo siendi kazini. Bahari kwa sisi wa Coventry ni safari, huku ni katikati kabisa ya nchi. Mimi niliyekulia Tanga, naisikia bahari usiku nikiwa kitandani, wanangu wameiona mara moja tu. Wiki ya nne tutapanda basi siku moja, twende na kurudi, baba yao atalala kwenye kiti. Vitumbua nimeviweka Jumatatu ya kwanza kabisa, nimeandika kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, na kikaango cha vitumbua nimekitoa juu ya kabati nimekisugua.

Tatizo limebaki moja. Alhamisi ya wiki ya tano klabu imejaa, wana safari siku hiyo. Mimi kazini, baba yao ametoka zamu ya usiku. Kisanduku kitupu, kiko peke yake, kinanitazama kila nikifungua friji. Kuna mwenye wazo?

MamaAdam_Cov

Alhamisi hiyo niko nyumbani, zamu yangu ni Ijumaa. Waje. Adam hana mtu wa kucheza naye mpira, atafurahi kupita kiasi. Na mimi Jumatatu ya wiki ya pili sina mtu, kama utakuwa upo tubadilishane. Shule jana wamenipa fomu ya chakula, nimejaza.

Nakuandikia pembeni nikupe anwani. Mdogo anakula njegere? Na kuna chochote kinachomdhuru?

MamaWawili_Coventry

Jumatatu niko nyumbani zote sita. Mlete Adam mapema, hata saa kumi na mbili na nusu, usipige kengele, gonga dirisha baba yao asiamke.

Njegere anakula. Karanga hapana, tafadhali, hata siagi yake. Nakutumia na dawa yake kwenye begi, na nitakuonyesha inavyotumika.